Tuuze Nyumba, Tununue Mashua?

Wapo wanandoa waliouza kila walichonacho wakaenda kuishi baharini na watoto wao. Wengine walirudi wakipendana kuliko mwanzo, wengine kila mtu akashika njia yake. Tumefuatilia visa vyao ili kujua tofauti ilianzia wapi.

Hebu fikiria ni Ijumaa usiku. Mmeshakula, watoto wamelala, mwenzi wako anazima televisheni na kukugeukia. "Nimelifikiria sana hili," anasema. "Tuuze nyumba, tununue mashua ya matanga, tuzunguke dunia mimi na wewe na watoto. Miaka mitatu tu."

Utamjibu nini? Wengi wetu swali la kwanza litakuwa, "Baba Neema, wewe mzima kweli?" Wengine tutakuwa tumeshampigia simu dada yake kabla hajafika kwenye hiyo miaka mitatu. Nyumba yenyewe bado mkopo wa benki haujaisha, gari lina miezi minane tangu linunuliwe, na huyu anazungumzia mashua!

Lakini kuna watu walioulizwa swali hilo wakajibu ndiyo. Si mabilionea, na si wote mabaharia. Ni walimu, mafundi, wahasibu, watu wenye kazi za kuamka alfajiri kama mimi na wewe. Kila mwezi wa Novemba, tangu mwaka 1986, msafara mkubwa wa mashua za matanga huondoka Las Palmas katika visiwa vya Kanari kuelekea upande wa pili wa Atlantiki, siku hizi ukiishia kisiwa cha Saint Lucia. Ni safari ya maili za baharini 2,700, karibu kilomita 5,000, na mashua ya kawaida huchukua wiki mbili hadi tatu bila kuona nchi kavu. Ukitazama ndani ya mashua hizo utakuta watoto wa shule ya msingi, na mara nyingine hata wa kubebwa.

Kwa sisi wa pwani, bahari si kitu kigeni, ila tuliipanga vingine. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mke alibaki nyumbani akihesabu miezi. Hata baharia mwandishi kutoka Australia, Alan Villiers, aliyepanda jahazi la Kikuwaiti mwaka 1938 na 1939 mpaka Zanzibar na Rufiji, alikuta wanawake wachache waliosafiri wamefungiwa kwenye chumba cha chini huku mambo yote yakifanyika juu. Kwamba mume, mke na watoto wafanye mashua kuwa ndiyo nyumba yenyewe, jiko humo, shule humo, ugomvi humo, hilo ni jambo la juzi juzi.

Na ndiyo maana linatuhusu kwenye kurasa hizi. Hapa hatuandiki habari za uvuvi, tunaandika habari za watu wawili kuishi pamoja.

Wazo lililotoka mdomoni mwa mtoto

Tuanze na akina Robertson wa Uingereza, maana kisa chao ndicho kinachotajwa kuliko vyote. Dougal Robertson alikuwa ofisa wa meli za biashara kabla hajaacha bahari na kuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mkewe Lyn alikuwa muuguzi. Walikuwa na watoto wanne: Anne, Douglas na mapacha Neil na Sandy. Shamba lilikuwa gumu, fedha ndogo, na miaka ilikuwa inakwenda. Mwaka 1968 familia ikiwa pamoja asubuhi ya Jumapili, redio ilitaja mashindano ya kuzunguka dunia kwa matanga, na mmoja wa wale mapacha akauliza kwa nini na wao wasiende, si baba ni baharia?

Mtoto alikuwa anatania tu. Baba hakulichukulia hivyo. Waliuza shamba, wakanunua skuna ya mbao iliyojengwa mwaka 1922, jina lake Lucette, urefu wake mita 13. Tarehe 27 Januari 1971 wakaondoka bandari ya Falmouth. Fikiria: watu sita, wawili kati yao vijana wanaokaribia utu uzima, katika nyumba ndogo kuliko daladala mbili zikipangwa moja nyuma ya nyingine. Na hiyo nyumba inacheza usiku kucha.

Anne, yule binti mkubwa, alishuka visiwa vya Bahama akaamua maisha yake yaendelee nchi kavu. Sijui kwa nini simulizi nyingi humpita haraka hivyo, kwa sababu kwangu mimi yeye ndiye mtu wa kwanza katika familia ile kusema hapana na kueleweka. Panama walimpakia kijana mmoja, msomi wa miaka 22, wakaendelea kuingia Pasifiki.

Asubuhi ya tarehe 15 Juni 1972, magharibi ya visiwa vya Galapagos, nyangumi wauaji waliigonga Lucette kutoka chini. Ilizama kwa dakika chache. Watu sita walibaki na boti ya mpira ya kujiokolea na kidau cha faiba kisichofika mita tatu. Baada ya siku kumi na saba boti ya mpira ikaisha kabisa na wote sita wakahamia kwenye kile kidau. Meli ilipita bila kuwaona. Wakaishi kwa maji ya mvua, samaki, na kasa waliowakamata kwa mikono, nyama ikianikwa juani na damu ikinywewa. Lyn alitumia ujuzi wa uuguzi: maji machafu yasiyonyweka aliyaingiza miilini mwao kwa njia ya haja kubwa, kwa mpira aliouunga mwenyewe, ili mwili upate unyevu bila tumbo kuchafuka. Aliwapaka mafuta ya kasa, aliwakanda wale mapacha miguu, aliwaimbia. Tarehe 23 Julai, siku ya 38, meli ya wavuvi wa Japani, Toka Maru II, iliwaokota wakiwa hai wote.

Hapo ndipo filamu huishia. Maisha hayakuishia hapo. Dougal aliandika kitabu mwaka 1973 kikauzwa sana, na ndoa yake na Lyn haikudumu. Yeye alirudi baharini, Lyn akarudi kwenye kilimo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, Douglas naye aliandika upande wake, na ukisoma unaona kwamba kuvumilia pamoja siku 38 ni jambo moja, na kuvumiliana kwenye meza ya chai miaka 20 ni jambo jingine kabisa.

Kabla hujasema nyangumi walikuwa wa zamani: tangu mwaka 2020, kwenye pwani za Hispania na Ureno, nyangumi wauaji wamekuwa wakizigonga mashua na kuvunja usukani, na baadhi zimezama.

Zamu

Turudi kwenye siku za kawaida, maana mashua nyingi hazigongwi na chochote, na huko kwenye kawaida ndiko ndoa zinakopimwa.

Mashua ya matanga haiegeshwi usiku katikati ya bahari. Inakwenda saa 24, na lazima mtu awe macho kuangalia meli, upepo na dira. Mkiwa watu wazima wawili, mnagawana usiku. Saa tatu wewe, saa tatu yeye, au nne kwa nne. Maana yake ni kwamba mume na mke waliokwenda kutafuta muda wa kuwa pamoja wanaonana kama walinzi wa benki wanaobadilishana lindo. Anakuamsha saa sita usiku, anakwambia upepo umegeuka, anaingia kwenye kitanda ulichokiacha na joto lako. Basi. Hiyo ndiyo faragha yenu kwa wiki tatu.

Waliopitia hali hii wanakubaliana kwamba usingizi ndio chanzo cha ugomvi, kuliko dhoruba. Mtu aliyelala saa tatu tatu kwa siku kumi hasemi, anafoka. Sukari imewekwa kabati lisilo lake, ni kesi. Kamba imefungwa vibaya, ni kesi kubwa zaidi, maana kamba iliyofungwa vibaya inaweza kweli kuua mtu. Na hapo panaingia jambo ambalo wanandoa wengi wa mjini hawajawahi kulikabili: nani nahodha? Nyumbani mnaweza kuishi miaka kumi mkijidai kwamba kila kitu mnaamua pamoja. Tanga likichanika saa nane usiku, mmoja anatoa amri na mwingine anatii, kwa kelele, bila "tafadhali mpenzi". Asubuhi yake huyo aliyefokewa anatakiwa akukaangie mayai.

Maji ya kunywa yanapimwa. Kuoga ni ndoo ya maji ya chumvi, halafu kikombe kimoja cha maji baridi kusuuza. Jiko limetundikwa kwa bawaba ili lipepesuke na mashua, sufuria isimwagike. Wiki ya kwanza nusu ya familia imelewa bahari, na anayepika mara nyingi ndiye huyo huyo anayetapika. Watoto wadogo wanavaa mikanda iliyofungwa kwa kamba kwenye sitaha, na ukingo mzima unazungushiwa wavu. Wakilala wanawekewa kitambaa kizito ubavuni mwa kitanda wasiviringike. Masomo ni asubuhi, mezani, mwalimu akiwa mama au baba ambaye hakulala.

Siku hizi kuna nafuu. Mashine za kuchuja chumvi zimepunguza shida ya maji kwa wenye uwezo, na tangu intaneti ya setelaiti ianze kufika katikati ya bahari, wapo wazazi wanaofanya kazi za ofisi kutoka kwenye mashua na watoto wanaoongea na bibi kwa video. Nafuu hiyo ina bei yake: wapo walioondoka kumkimbia bosi, wakagundua bosi naye kapanda.

Lakini jambo lililonigusa kuliko yote ni dogo. Nyumbani mkigombana, kuna mlango. Mume anakwenda kijiweni, mke anakwenda saluni au kwa shoga yake. Mambo yakizidi, yupo shangazi, yupo somo, yupo mshenga aliyekula pilau yenu na anayejua ana deni la kuwapatanisha. Wazee wanaitwa, wanakaa sebuleni, wanasikiliza pande mbili. Tunawalalamikia kwamba wanaingilia, na ni kweli wanaingilia. Baharini hayupo hata mmoja wao. Mlango upo, lakini nje yake kuna kilomita nne za maji kwenda chini.

Mke asiyejua kuogelea

Wakati Dougal na Lyn wanaokolewa, wanandoa wengine wa Kiingereza walikuwa wameshaanza safari ya aina ile ile. Maurice na Maralyn Bailey wa Derby hawakuwa na watoto. Maurice alifanya kazi kiwanda cha uchapaji, Maralyn ofisi ya kodi. Waliuza nyumba yao kujenga mashua waliyoiita Auralyn, kwa kuunganisha majina yao. Juni 1972 wakaondoka Southampton, nia ikiwa kuhamia New Zealand.

Mambo mawili uyajue kuhusu safari ile. Maralyn hakujua kuogelea. Na mashua haikuwa na redio ya kuitia msaada, kwa uamuzi wa Maurice, aliyetaka uhuru kamili, asisumbuliwe na mtu. Ukinisoma kwa makini utajua nina maoni gani juu ya mume anayeamua peke yake kwamba familia haihitaji simu.

Alfajiri ya tarehe 4 Machi 1973, siku chache tu baada ya kutoka mfereji wa Panama, nyangumi aliipasua Auralyn. Walikuwa na muda mdogo wa kuokota vitu, kisha wakakaa kwenye boti ya mpira iliyofungwa pamoja na kidau, wakaiangalia nyumba yao ikizama. Walielea siku 117. Nitarudia: siku mia moja na kumi na saba. Meli saba zilipita bila kuwaona.

Maurice alikata tamaa mapema na baadaye mwenyewe alilikiri hilo wazi. Alikuwa mtu wa kuona giza, na pale giza lilikuwepo kweli. Maralyn ndiye aliyeshika uongozi. Pini za kufungia nguo akazigeuza ndoana. Alipanga mgawo wa chakula. Kwa karatasi alizookoa alitengeneza karata na domino ili wacheze. Aliandika shajara, alipanga karamu ambazo wangewaandalia marafiki wakirudi, chakula baada ya chakula, huku wao wakitafuna kasa mbichi. Na walichora pamoja mashua yao ijayo, vyumba, makabati, jiko. Watu wawili wanaokufa njaa juu ya mpira unaovuja, wanabishana jiko likae wapi!

Tarehe 30 Juni 1973 meli ya uvuvi ya Korea Kusini, Wolmi 306, iliwaona. Walikuwa mifupa, hawawezi kusimama. Waliporudi Uingereza walijenga ile mashua waliyoichora, wakaiita Auralyn II, wakasafiri nayo mpaka Patagonia. Waliendelea kuwa mume na mke mpaka Maralyn alipofariki mwaka 2002. Mwandishi Sophie Elmhirst alisimulia upya ndoa yao kwenye kitabu kilichotoka mwaka 2024, na kikashinda tuzo ya Nero ya kitabu bora cha mwaka huo.

Sasa weka ndoa hizi mbili kando kando. Bahari ile ile, miaka ile ile, nyangumi kwa nyangumi. Tofauti siioni kwenye ujasiri, kwa sababu Lyn hakuwa na upungufu wa ujasiri hata chembe. Wala siwezi kusema mapenzi, nani apime? Ninachokiona ni kwamba akina Bailey walikuwa na ndoto moja ambayo wote wawili walitaka kuirudia, na Maurice aliweza kunyamaza na kumwachia mke usukani alipoona yeye ameshindwa. Kwa mwanaume aliyekuwa nahodha, tena wa miaka ya sabini, hilo si dogo. Wangapi kati ya kaka zetu wanaosoma hapa wangeweza?

Wasioulizwa

Mpaka hapa nimezungumzia watu wazima, ambao angalau waliweka saini. Watoto hawasaini.

Mwaka 1976 msichana wa miaka saba aliondoka Uingereza na wazazi wake na mdogo wake wa kiume kwenye skuna iitwayo Wavewalker. Baba alitaka kufuata njia ya safari za Kapteni James Cook. Aliambiwa ni miaka mitatu. Ikawa karibu kumi. Leo anaitwa Suzanne Heywood, ni mwanamke mwenye cheo kikubwa katika biashara, na mwaka 2023 alitoa kitabu cha maisha yake kwa jina la mashua ile.

Mwanzoni mwa 1977, kwenye Bahari ya Hindi ya kusini kati ya Afrika na Australia, wimbi kubwa liliivunja mashua. Suzanne alipasuka fuvu la kichwa. Baba alifanikiwa kuifikisha mashua kisiwa kidogo cha Amsterdam, kituo cha Wafaransa, ambako daktari alimfanyia mtoto upasuaji mara kadhaa kichwani bila kumlaza kwa nusukaputi. Mashua ikatengenezwa. Safari ikaendelea.

Lakini ukimsoma, wimbi si jeraha kubwa kuliko yote. Anaandika juu ya shule ambayo hakuipata, marafiki wa bandarini aliowaaga kila baada ya wiki chache, kazi za kupikia wageni wanaolipa nauli, na kutokuwa na mahali pa kujificha msichana anapovunja ungo kati ya wanaume wa mashua. Alijisomea kwa posta. Akiwa na miaka 16 yeye na mdogo wake waliachwa New Zealand wajitegemee huku wazazi wakiendelea na safari. Akaandikia vyuo vikuu mwenyewe, Oxford wakamwita. Kwa nje, anasema, maisha yao yalionekana kama paradiso, na kila mtu aliwaambia watoto wale wana bahati.

Wapo wanaosimulia tofauti, na haki yao isifichwe. Laura Dekker, Mholanzi, alizaliwa mwaka 1995 New Zealand wazazi wake wakiwa katikati ya safari ya miaka saba kwa matanga. Wazazi waliachana familia iliporudi Uholanzi, naye akabaki na baba na mashua. Alipotaka kuzunguka dunia peke yake akiwa na miaka 13, mamlaka za Uholanzi zilimpeleka mahakamani kumzuia, kesi ikachukua karibu mwaka. Alipata ruhusa mwaka 2010, na Januari 2012 akamaliza safari akiwa na miaka 16. Kwake bahari ndiyo nyumbani, nchi kavu ndiyo iliyomkosesha raha.

Watoto wawili, bahari moja, majibu mawili. Mzazi hawezi kujua mapema amezaa yupi. Ila kuna jambo linalotofautisha visa hivi na ningependa ulitazame: Laura ndiye aliyeomba kwenda. Suzanne aliomba kushuka.

Aprili 2014 familia ya Kimarekani yenye watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa mwaka mmoja, iliita msaada karibu maili 900 kutoka Mexico. Mtoto mdogo alikuwa mgonjwa na mashua ilikuwa na hitilafu. Waokoaji walirushwa kwa miamvuli kutoka kwenye ndege, kisha meli ya kivita ikawachukua, na mashua ikaachwa izame. Watoto walipona. Wazazi walitukanwa nchi nzima kwamba ni wazembe. Kwa maoni yangu matusi yalizidi, kwani hata hapa kwetu kila siku tunaona watoto watatu juu ya bodaboda moja bila kofia na hakuna anayepiga kelele. Lakini swali la mtoto wa mwaka mmoja, maili 900 kutoka hospitali, ni swali halali na halijibiwi kwa kusema "tuliota ndoto hii muda mrefu".

Huku kwetu

Usidhani haya yote yalitokea mbali. Mwaka 2009 familia changa ya Kifaransa, baba, mama, mtoto wa miaka mitatu na marafiki wawili, ilikuwa inashuka na mashua yao Tanit kuelekea Zanzibar. Walionywa na wanajeshi wa majini wa nchi yao wasipite pwani ya Somalia. Wakapita. Tarehe 4 Aprili walitekwa na maharamia, na tarehe 10 makomandoo wa Ufaransa walivamia mashua kuwaokoa. Mtoto, mama na marafiki walitoka salama. Baba aliuawa katika mapigano hayo.

Oktoba mwaka huo huo, Paul na Rachel Chandler, Waingereza watu wazima, walitoka Ushelisheli na mashua yao Lynn Rival wakija Tanga. Maharamia waliwakamata na kuwapeleka Somalia, wakakaa mateka siku 388 mpaka fidia ilipolipwa na wakaachiwa tarehe 14 Novemba 2010. Walisimulia baadaye kwamba kilichowaumiza kuliko vyote ni kutenganishwa. Walipigwa walipokataa kuachana, kisha kila mmoja akafungiwa mahali pake kwa wiki nyingi bila kujua kama mwenzake yu hai. Watu waliokuwa wamekaa mita chache chache kutoka kwa kila mmoja kwa miaka, ghafla hawasikii hata kikohozi cha mwenzao.

Uharamia ulipungua sana baada ya mwaka 2012, kisha matukio yakaanza kusikika tena mwishoni mwa 2023, hivyo anayepanga njia ya kuja Zanzibar kutoka kaskazini bado analala na simu mkononi.

Najua kuna msomaji ameshafika hapa anasema, haya ni ya Wazungu wenye nafasi. Sawa. Lakini badilisha mashua uweke Muscat, au Toronto. Mume kapata kazi, mke anaacha yake, watoto wanatolewa shule katikati ya muhula, shangazi anabaki Tanga. Chumba kimoja cha kupanga, mji ambao hamjui mtu, wote wawili mmechoka, hakuna mlango wa kutokea wala mzee wa kuita. Ni wangapi tunaowajua walioondoka hivyo, wakipungiwa mikono uwanja wa ndege? Nilipokuwa nasoma habari za Lucette nilikuwa nawafikiria wao.

Kama bado unaitaka bahari yenyewe, waliofanikiwa wana tabia wanazofanana. Hawauzi nyumba kwanza, wanaipangisha. Wanaanza na safari za siku mbili tatu mwaka mzima, tena katika msimu mbaya na siyo ule mzuri, ili anayechukia aseme mapema. Wote wawili wanajua kuendesha mashua peke yao, maana mmoja akianguka baharini mwingine ndiye wa kugeuza. Na wanakubaliana tangu nchi kavu kwamba mtu yeyote, hata mtoto, akisema kwenye bandari fulani kwamba basi, basi.

Kwa sisi wa hapa, jaribio ni rahisi. Tafuteni jahazi na nahodha anayeaminika, msimu wa kusi ukiwa umekolea, mwezi wa Julai hivi. Vukeni mkondo wa Pemba usiku, simu zimezimwa, watoto mkiwaacha kwa bibi yao safari hii ya kwanza. Jaketi la kuokolea kila mtu. Asubuhi mkifika, kabla hamjanywa chai, muulize mwenzako kama anataka kurudi kwa jahazi au kwa ndege.